Hesabu za Vidole katika Nchi ya Garissa

Waandishi wa tarehe ya kompyuta aghalabu huanza habari zao Ulaya na Marekani, katika vyumba vilivyojaa nyaya na joto la valvu wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na wale wapendao kurudi nyuma zaidi humtaja Charles Babbage na magurudumu yake ya shaba. Kisha wakifika katika nchi kavu iliyo mashariki ya mto Tana, kama wafika, huandika sentensi moja tu, kwamba huko chombo hicho kilichelewa. Sentensi hiyo si uongo, lakini ni pungufu, kwa kuwa hisabu haikukaa ikikingoja chombo. Kabla ya kuwako hata nguzo moja ya umeme katika Garissa, kidole cha mwanadamu kilikuwa kimekwisha fanywa kalamu, mizani na shahidi, na kazi hizo kilizifanya kwa uangalifu ambao mhandisi yeyote mwenye insafu angeukubali. Mashine ilipokuja mwisho wa safari hii ndefu, nayo ilikitaka kidole kile kile. Na habari ya namna walivyokutana wawili hao, na ya hasara iliyotokea katika kukutana kwao, ndiyo niliyokusudia kuisimulia.

Garissa imekaa ukingoni mwa Tana, upande wa mashariki, kiasi cha kilomita 370 kutoka Nairobi, mahali ambapo mto ule mrefu kuliko yote ya Kenya umekwisha kuviacha vilima nyuma na kushika mwendo wa polepole kuelekea Kipini na bahari. Mtoni walikuwapo na wapo bado wakulima, Wamunyoyaya, na Wapokomo wakiwa chini zaidi. Na nyuma ya ukingo, hata mpaka wa Somalia, ni nchi ya wafugaji wa Kisomali, na ngamia, ng'ombe na mbuzi wao. Serikali ya kikoloni iliitia nchi hiyo katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ikaitungia sheria zake mbali, ile ya 1902 ya wilaya za pembezoni na ile ya 1934 ya wilaya maalumu, hata ikawa mtu haingii wala hatoki bila ya kibali. Baada ya uhuru ikaja vita iliyoitwa ya shifta, na hali ya hatari iliyotangazwa mwishoni mwa 1963 haikuondolewa mpaka Novemba 1991, muda wa kutosha mtu kuzaliwa, kuoa na kupata watoto pasipo kuionja siku moja ya sheria za kawaida. Ninayataja haya kwa haraka, kwa sababu wengine wameyaandika kwa urefu na kwa machungu yastahiliyo. Ila msomaji ayaweke moyoni, maana nchi iliyofungwa hulazimika kubuni njia zake za kupelekeana habari, mali na ahadi, na mji huu, uliokua kutoka boma la serikali hata kuwa na mitaa kama Iftin na soko la mifugo ambalo sifa yake imefika mbali, ulikua juu ya njia hizo.

Tuanze na soko. Katika biashara ya mifugo ya Wasomali, tangu Burao kaskazini ya mbali hata huku kusini, desturi ya kale ni kwamba bei ya ngamia haitangazwi kwa ulimi. Mnunuzi na muuzaji, au mmoja wao na dalali, ambaye kazi yake ni kusimama baina ya wawili na kuudhamini uaminifu wa kila upande, hukutanisha mikono yao ya kulia chini ya kitambaa au chini ya ncha ya shuka, na kwa kushikana vidole wakasemezana kimya. Kushika kidole kimoja ni moja, viwili ni mbili, mkono mzima ni tano, na tarakimu zilizo juu ya tano zina mishiko yake, inayojulikana na wenyewe. Midomo wakati huo huweza ikawa inazungumza habari za mvua na za malisho, nyuso zimetulia, na watu mia waliowazunguka wasipate kitu. Faida ya siri hii ni nyingi: mwenye dhiki aliyelazimika kumtoa ngamia wake kwa bei ndogo huhifadhiwa heshima yake, bei aliyoikubali haiwi kamba ya kumfunga mwenziwe anayeuza mnyama wa pili, na dalali mwingine hawezi kusimama kando akapandisha kwa kusikia. Wataalamu wa kompyuta wa zama zetu wanatumia fedha nyingi kutafuta njia ya watu wawili kusemezana mbele ya adui bila ya adui kuelewa. Wazee wa soko walitosheka na kitambaa.

Lakini lililo la ajabu zaidi kwa mtu aliyesoma uhandisi si ile siri. Kidole kimoja kilichoshikwa huweza kuwa moja, au kumi, au mia, au elfu, na mkono wenyewe hausemi ni ipi kati ya hizo. Wanaopatana wanajua, kwa sababu wamemtazama mnyama, wamemfungua kinywa wakayaona meno, wanaijua bei ya juma lililopita na wanajua kama barabara ya Nairobi inapitika au imekatwa na mafuriko. Basi kidole huleta tarakimu, na akili huleta cheo chake. Wahandisi waliopima barabara na madaraja ya Afrika Mashariki katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita walitumia chombo cha namna hiyo hiyo, ile rula ya kuhesabia yenye ulimi unaoteleza, ambayo humpa mtu 2, 4 na 7 bila ya kumwambia kama ni 2.47, au 247, au 24,700. Mahali pa nukta palikaa kichwani mwa mhandisi, na aliyepakosa huenda akaagiza vyuma vya kuvukia bahari kwa daraja la kijito. Rula hiyo ilikufa upesi baada ya 1972, mwaka ambao kampuni ya Hewlett-Packard ilitoa HP-35, kikokotoo cha mfukoni kinachoonyesha kila kitu pamoja na nukta. Na wako wazee wa fani ile wanaosema, wala siwalaumu, kwamba tangu siku hiyo vijana wao waliacha kujiuliza kama jibu walilopewa linaingia akilini.

Wala hisabu ya mikononi si jambo la vichochoroni ambalo wanavyuoni hawakulijua. Katika karne ya 10 Abu al-Wafa al-Buzjani, mmoja wa mabingwa wa hisabati wa Baghdad, aliwaandikia makarani na watoza kodi kitabu kizima cha hisabu ambacho ndani yake hakutia hata tarakimu moja ya Kihindi, zile tunazozitumia leo, bali aliandika kila kitu kwa maneno, kwa kuwa watu wake walizoea kuhesabu kichwani na kuyashikilia matokeo kwa mikunjo ya vidole. Na wafanyabiashara wa lulu wa Ghuba, ambao majahazi ya bandari zao yalishuka na kaskazi kutia nanga Lamu na Mombasa, walipatana bei chini ya kitambaa vile vile, hata lulu za kufugwa za Kijapani zilipoivunja biashara yao katika miaka ya 1930. Lulu ilikwisha, ngamia hakuna aliyeweza kumtengeneza kiwandani, na desturi ikabaki kwa wenye ngamia.

Sasa kidole kitoke chini ya kitambaa kishuke mchangani, maana huko kuna kazi yake nyingine, na kwa hakika ndiyo inipendezayo kupita zote. Wachungaji wa Kisomali wana mchezo uitwao shax, ambao ubao wake hauuzwi wala haubebwi: mtu huinama, akachora kwa kidole au kwa kijiti miraba mitatu, mdogo ndani ya wa kati na wa kati ndani ya mkubwa, kisha akaiunganisha kwa mistari minne inayopita katikati ya kila upande, na hapo pakapatikana vituo 24. Mmoja huokota kokoto, mwenziwe huvunja vijiti, au wakatumia kokwa za tende au mavi makavu ya ngamia, kila mtu 12. Huweka kwa zamu, moja moja, na anayepanga vitatu vyake katika mstari mmoja hupata kile kinachoitwa jare. Mpaka hapa mtu aliyezuru Ulaya atasema kuwa anaufahamu mchezo huu, kwa sababu unao ndugu huko wenye ubao kama huo na vipande tisa kwa kila mchezaji. Asikimbilie kusema. Kumi na mbili na kumi na mbili ni ishirini na nne, na vituo ni ishirini na vinne. Maana yake ni kwamba wakimaliza kuweka, ubao umejaa tele, hapana hata nafasi moja ya kusogeza kitu.

Uzuri wa shax umejificha katika kujaa huko. Wakati wa kuweka, jare haikupi ruhusa ya kumwondolea mwenzio hata kijiti kimoja. Inakupa haki tu, nayo ni haki ya deni, kwamba aliyetangulia kupata jare ndiye atakayetangulia kuondoa ubao ukishajaa. Kisha mwenziwe naye huondoa moja, njia zikafunguka, na vita ikaanza. Hivyo basi mchezaji hodari, tangu kokoto yake ya kwanza, hupanga kwa ajili ya ubao ambao haujakuwapo bado: anajiuliza ni kituo gani kitakachoachwa wazi, na kitakapoachwa wazi ni nani atakayekuwa karibu nacho. Wenye kupenda idadi watafurahi kujua kwamba ziko namna 2,704,156 za kuvijaza vituo 24 kwa kokoto 12 na vijiti 12, na kwamba mchungaji aliyeketi chini ya mgunga huku ngamia wake wakila hazipitii zote, ila huzikata nyingi kwa jicho moja. Halafu iko hali inayotamaniwa na kila mchezaji, ambayo huitwa kwa jina la ngamia jike mwenye maziwa, irmaan, ambapo kipande kimoja kinakwenda na kurudi baina ya mistari miwili, na kila kikienda ni jare, na kila kikirudi ni jare, na maskini wa upande wa pili hana la kufanya isipokuwa kuhesabu vyake vinavyopungua. Mwenye kubakiwa na viwili amekwisha.

Mchezo ule ndugu yake wa Ulaya, wa vipande tisa, ulihukumiwa na mashine mwaka 1993, Ralph Gasser alipokamilisha huko Zurich, Uswisi, kazi ya kuipitisha kompyuta katika hali zake zaidi ya bilioni saba, akathibitisha kwamba wachezaji wawili wasiokosea watatoka sare daima. Ni kazi kubwa na ninaistahi. Hukumu yake hata hivyo haiifungi shax, yenye vipande kumi na viwili na desturi yake ya deni, na zaidi ya hayo haimfai kitu mtu aketiye mchangani, ambaye hachezi na asiyekosea, anacheza na binamu yake anayemjua, aliyemshinda jana kwa hila ile ile, na ambaye waliosimama nyuma wanamtia maneno. Mwanahisabati Jama Musse Jama wa Hargeisa, aliyeuandikia mchezo huu kitabu kizima mwaka 2000, alifanya jambo la hekima: aliandika kanuni zake pamoja na watu wake. Nasi watu wa pwani, ambao tunajivunia bao letu lenye mashimo 32 na kete 64, na ambao tumewaona wageni wakija kulichunguza na kuliandikia vitabu, tungefanya vema tukikumbuka kuwa siku chache za safari kutoka Lamu kuna watu ambao ubao wao hufutwa na upepo kila jioni, na hawajapungukiwa kitu. Vijana wa mjini, ni kweli, siku hizi wako katika vibanda vya pleistesheni wakicheza mpira wa kidijitali kwa kulipia kila mchezo. Sioni sababu ya kuwalilia. Kidole gumba chao kinafanya kazi, na matusi wanayotupiana ni yale yale ya shax.

Nchi kama hii, isiyo na majina ya barabara wala namba za nyumba, mtu hutafutwaje? I. M. Lewis, aliyeandika juu ya Wasomali kwa zaidi ya nusu karne, alikwisha kueleza kuwa nasaba kwao inafanya kazi ambayo anwani huifanya Ulaya. Mtoto hufundishwa kuwataja babu zake mmoja mmoja, akipanda kutoka kwa baba hata kufika kwa yule ambaye ukoo mzima umeitwa kwa jina lake, na watu wawili wasioonana kabla wakikutana kisimani husomeana orodha hizo mpaka zikutane, na hapo wakajua wao ni nani kwa mwenziwe na ni haki gani kila mmoja anamdai. Anayefundisha ilimu ya kompyuta atautambua mti huo mara moja, mti unaosimama kichwa chini, shina juu na matawi chini, ambao ndani yake kila jani lina njia moja tu ya kufikia shina. Tofauti ni kwamba mti huu ulihifadhiwa katika vichwa vya watu wengi, kila kichwa na sehemu yake, na mzee mmoja akikosea wako kumi wa kumsahihisha.

Juu ya mti huo ndipo ilipopandwa hawala. Fikihi imeijua hawala kwa karne nyingi kuwa ni kuhamisha deni kutoka dhima ya mtu kwenda dhima ya mtu mwingine, na Majalla ya Dola ya Kiosmani iliipa kitabu chake kizima; walakini ilikuwa ni baada ya dola ya Somalia kuanguka Januari 1991, na baada ya kambi za wakimbizi za Dadaab kufunguliwa katika wilaya ya Garissa, Ifo kwanza, kisha Dagahaley na Hagadera, ndipo jambo hilo la vitabuni lilipogeuka kuwa uti wa mgongo wa maisha ya kila siku. Kambi zile tatu zilikusudiwa watu 90,000, na katika mwaka wa ukame wa 2011 zikapita 400,000. Jamaa wa watu hawa walikuwa Nairobi, Jeddah, Minnesota na Stockholm, na posta haikuwajua. Ikawa basi mtu hutoa fedha zake kwa wakala huko aliko, na wakala wa huku, ambaye ni mshirika wake au wa ukoo wake, humlipa ndugu. Noti hazikusafiri, deni ndilo lililosafiri, na lililipwa baadaye kwa bidhaa, kwa mifugo, au kwa hesabu za wafanyabiashara baina yao katika Dubai.

Na deni lilisafirije? Lilisafiri kwa taar, yaani zile redio za masafa marefu zilizowekwa katika vyumba vya nyuma huko Eastleigh ya Nairobi na karibu na kambi, zisizo na leseni, ambazo polisi wakizikuta walizichukua. Cindy Horst, aliyefanya utafiti Dadaab mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa karne hii, ameziandika vizuri. Mwenye taar humwita mwenziwe kwa sauti, mmoja husema huku wa pili akisubiri, na kila aliye katika masafa yale husikia yote, ndoa na talaka na deni na msiba. Hapa hapakuwa na kitambaa cha kufunika mkono. Jina la mpokeaji, pamoja na kiasi chake, lilitajwa hewani, na alipokuja kuchukua hakuulizwa karatasi, kwa sababu wengi hawakuwa na karatasi: aliulizwa baba wa babu yake ni nani, na mjomba wake anakaa wapi, na aliyemtumia ni mtoto wa ngapi. Mwizi angeweza kuiba jina. Kuiba nasaba nzima, mbele ya watu wanaoijua kuliko yeye, ni kazi nyingine.

Dola kubwa ziliitazama hawala kwa jicho la shaka, wakati mwingine kwa sababu na aghalabu kwa kutoifahamu. Tarehe 7 Novemba 2001 Marekani ilizifunga ofisi na mali za al-Barakaat, iliyokuwa kubwa kuliko kampuni zote za hawala za Wasomali, na watafiti wa tume yao wenyewe iliyochunguza mashambulizi ya Septemba hawakuweza baadaye kuzithibitisha tuhuma zile. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi, msiba ambao mji haujaacha kuubeba. Na siku chache baada yake serikali ya Kenya ikasimamisha kampuni 13 za hawala, ambazo zilirudishiwa ruhusa mwezi wa Juni, baada ya familia nyingi zisizo na hatia kukaa wiki nzima nzima bila ya posho. Kwa wakati huo M-Pesa, huduma ya kutumiana fedha kwa simu iliyoanza Machi 2007, ilikuwa imekwisha kuenea, na waliozoea hawala hawakuona ndani yake jambo la kuwashangaza: wakala, daftari, amana, na deni linalohama. Kidole kilichokuwa kikishikwa sasa kinabonyeza namba ya siri.

Inabaki kazi ya mwisho ya kidole, ya ushahidi, nayo ilianzia mbali. Mwishoni mwa karne ya 19 polisi wa Bengal, katika India ya Kiingereza, walitaka kuwatambua watu kwa alama za vidole, lakini hawakujua namna ya kuzipanga karatasi zao ili alama moja ipatikane kati ya maelfu. Suluhu ilitokana kwa sehemu kubwa na Azizul Haque, kijana Mwislamu aliyekuwa bingwa wa hisabati, akifanya kazi pamoja na Hem Chandra Bose. Sifa zikamwendea mkubwa wao, Edward Henry, ambaye jina lake ndilo lililobandikwa katika mfumo ule. Hesabu yake ni nzuri kwa wepesi wake: kila kidole katika kumi huulizwa swali moja, je, mistari yake imezunguka kama kimbunga au la, majibu ni ndiyo au siyo, na vidole kumi vyenye majibu mawili mawili hutoa mafungu 1,024, yaliyopangwa thelathini na mbili kwa thelathini na mbili katika kabati. Msomaji aliyegusa kompyuta ataitambua namba hiyo, kwa sababu ndiyo waliyoizoea mafundi kuihesabu kuwa kilobaiti moja. Ofisi ya Calcutta ilifunguliwa 1897, zamani sana kabla ya mashine, na ndani ya makabati yake mwili wa mwanadamu ulikuwa umekwisha geuzwa namba ya tarakimu kumi za ndiyo na siyo.

Kutoka India elimu hiyo ilivuka bahari. Kenya ilitunga sheria ya kipande 1915 na kuanza kuitekeleza vita ilipokwisha, na wanaume Waafrika wakavikwa shingoni kibati chenye karatasi ya alama za vidole vyao. Baadhi ya Wasomali walijitahidi kutohesabiwa katika fungu hilo, wakapata sheria yao ya 1919 iliyowatoa wachache wao. Wafugaji wa kaskazini walitawaliwa zaidi kwa vibali na kwa mipaka ya malisho. Lakini karatasi haikuwasahau. Novemba 1989 serikali iliamuru kila Mkenya wa asili ya Kisomali aliyetimiza miaka 18 apite mbele ya jopo apigwe msasa, aulizwe ukoo wake, kabila lake dogo na chifu wake, na aliyefaulu akapewa kadi ya ziada, ya rangi ya waridi, ambayo Mkenya mwingine hakutakiwa kuwa nayo. Utaona kwamba maswali ni yale yale ya hawala. Kwa wakala yalikuwa ufunguo wa kumfungulia mtu haki yake. Mbele ya jopo yakawa kufuli.

Kisha zikaja zile mashine za Dadaab. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilianza kuwaandikisha watu kwa vidole, na kwa upande wake lilikuwa na sababu, maana mgao wa chakula huibwa. Ila kambi zilikuwa ndani ya nchi yenye njaa yake yenyewe. Mfugaji wa Garissa ambaye ukame umemwulia wanyama wote, akitazama kambini na kuona unga, dawa, shule, na pengine tumaini la kupelekwa Marekani, aliwachukua watoto wake akawapanga mstarini pamoja na wakimbizi, na mtoto mdogo akatia kidole chake katika kioo bila ya kujua anachotia. Miaka ikapita, mtoto akawa kijana, akaenda ofisini kuomba kitambulisho cha nchi aliyozaliwa, na mashine, baada ya serikali kulinganisha madaftari mawili, ikajibu kwamba yeye ni mkimbizi. Makisio yanayotajwa sana ni watu wapatao 40,000 waliofungwa hivyo, ambao hawawezi kusajili laini ya simu kwa majina yao, wala kufungua akaunti ya benki, wala kuajiriwa, wala kupiga kura.

Sitaki kuitukana mashine, kwa sababu ilisema kweli kwa kadiri ya ujuzi wake: kidole kilikuwa ni kile kile. Kilichokosekana ni cheo cha tarakimu, kile ambacho mnunuzi wa ngamia na mhandisi wa rula walijua kuwa hakimo mkononi na kwamba sharti kitafutwe penginepo. Daftari lilihifadhi alama, halikuhifadhi ni mwaka gani wa njaa, ni nani aliyemleta mtoto, na kisima cha babu yake kiko wapi. Na mambo hayo yote yalikuwa yakijulikana, na bado yanajulikana, kwa wazee walioketi umbali wa dakika chache kutoka ofisi ile. Shirika la Haki na Sheria, lenye makao yake Garissa, lilipeleka jambo hilo katika Mahakama Kuu mwaka 2021. Februari 2025, huko Wajir, Rais William Ruto alitangaza kuufuta msasa wa ziada uliokuwa ukiwapata watu wa kaunti za mpakani waombapo vitambulisho, na ni tangazo jema lililochelewa kwa miaka thelathini na mitano. Ila kuufuta msasa ni kazi moja, na kukiondoa kidole cha mtu katika daftari la wakimbizi ni kazi ya pili. Aliyeandikishwa na mamaye katika mwaka wa njaa hana kosa la kujibu mbele ya jopo lolote. Mwenye ufunguo wa daftari ndiye aliye na deni, na alilipe.